Matairi ya Nyumba ya Dévote

Watu wa jumuiya wananiuliza siku hizi kwa nini nimekuwa mkimya. Nawaambia ni mafua. Mafua gani ya miezi tisa! Ukweli ni kwamba mdomo wangu huu, uliochekesha watu kuanzia Bukoba hadi Garland, ulimbomolea mwanamke mwenzangu nyumba. Padri niliyemweleza kwenye maungamo alinipa Salamu Maria tatu. Tatu! Hata mtoto aliyeiba sukari hupewa tano.

Basi leo nasimulia mwenyewe, na wa kunichukia anichukie.

Nyumba ilikuwa ya Dévote. Sisi tunamwita Mama Darius, kama mimi wanavyoniita Mama Queen ingawa vyeti vyangu vinasema Prudensia. Dévote ni Mrundi. Mwaka sabini na mbili mama yake alikimbia naye mgongoni, mtoto wa miezi minane, wakaingia Rwanda. Akakulia huko, akaolewa huko, akajenga huko. Tisini na nne wakakimbia tena, wakaingia Tanzania, kambi ya kwanza, kambi ya pili, na ile ya mwisho ya Kasulu ndiko alikomzika mumewe, Révérien. Ndiko pia alikojifunza Kiswahili chake cha taratibu, cha kupima kila neno kama anayepima unga. Mwaka elfu mbili na nane wakamleta Texas na mtoto mmoja na mfuko wa karatasi za uhamiaji. Ukimwuliza ameishi wapi na wapi, hakutajii miji. Anahesabu kwa vidole nyumba alizojenga kwa mikono yake akaziacha zimesimama. Nne.

Hapa Garland alikuwa anatandika vitanda hotelini, vyumba kumi na vinne kwa siku, mpaka mgongo ukamgomea. Wakampunguzia masaa, wakamweka kwenye kufua mashuka siku tatu kwa wiki. Huku apartment aliyopanga ikapandishwa kodi mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Darius, mwanawe, anaendesha lori la masafa marefu na kulala humo humo ndani ya lori, na anamtumia mama yake anachoweza. Ndipo mwanzoni mwa 2017 Dévote akanipigia simu.

"Mama Queen, nimepata nyumba ya kununua."

Nilicheka. Nyumba ya kununua na nini? Akanipeleka nikaione.

Ilikuwa treila. Mnazijua zile nyumba ndefu nyembamba, zinapangwa kwenye uwanja mmoja kama mabehewa yaliyosahaulika stesheni. Bibi mmoja wa Kimeksiko alikuwa anahamia kwa binti yake, akaiuza kwa bei ya gari bovu. Vyumba viwili, jiko, na bafu lenye sakafu inayobonyea ukiikanyaga. Nyumba inakuwa yako, kiwanja unakikodi kila mwezi. Na chini yake, nyuma ya vibati vilivyozungushiwa, ukiinama unaona matairi. Matairi ya mpira kabisa, yamepasuka kwa jua, kwa sababu nyumba zile huletwa zikivutwa na lori.

Queen wangu, wakati huo ana miaka kumi na minne, ndiye aliyesoma mkataba, mimi nikawa namtafsiria Dévote. Tulifika pale panaposema kwamba mwenye ardhi akitaka kuitumia ardhi yake, kila mtu ataondoka. Nilimwambia, sikumficha. Dévote akasema, "Hata kambini ardhi haikuwa yetu," akasaini.

Na alivyoitunza nyumba ile! Alipaka ukuta wa nje rangi ya njano. Alishona mapazia kwa mashuka yaliyotupwa hotelini. Nyuma akalima kijishamba chembamba cha lengalenga, mchicha wa kwao, na maboga, mistari imenyooka kama ya daftari. Mimi nilikuwa napita pale nikitoka kazini, nanywa chai, nasifia, halafu narudi kwenye apartment yangu nikiwa nimenuna bila kujua nimenuna nini.

Sasa jumuiya yetu ya Mtakatifu Yosefu, Warundi wengi, sisi Watanzania, na Wakongo wachache, inasali nyumba kwa nyumba kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Zamu ya Dévote ikafika mwezi wa tano. Tulikuwa watu kumi na wanane, wengine tumekaa mpaka kwenye ngazi. Rozari, injili, kisha chakula: ugali, maharage ya mawese, samaki wakavu. Dévote alivaa kitenge kipya. Alipita na jagi la maji akitunawisha mmoja mmoja, na kwa kila mmoja anasema, "Karibu kwangu."

Kwangu. Alilisema neno hilo mara kumi na nane, nilihesabu.

Wivu ulinikaba, nasema wazi. Miaka kumi na mmoja Marekani, cheti cha unesi msaidizi, nageuza wazee vitandani mpaka mabega yanalia, na sikuwa na mlango hata mmoja wa kuuita wangu. Huyu wa juzi kutoka kambini ananikaribisha kwake! Nikasimama na sahani yangu, nikapaza sauti.

"Jamani, Mama Darius kanunua nyumba yenye matairi! Siku akipata bwana wakagombana, bwana haondoki na begi. Anaondoka na nyumba!"

Wee! Watu walicheka, Melkiori mwenyekiti wetu akapaliwa na mchuzi. Mwingine akadakia, "Mama Darius, funga mlango vizuri, usije ukaamka uko Oklahoma!" Mwingine akauliza kama jiko nalo limekatiwa bima ya gari. Nikawaongoza kama mwalimu wa kwaya. Kwetu utani ni salamu, asiyetaniwa hana watu, ndivyo nilivyojiambia.

Dévote hakucheka. Alisimama na jagi lake akiangalia sakafu. Kisha akaniuliza, taratibu, kama alivyo, "Kwa hiyo inaweza kuondolewa?"

"Mama weee, ikifungwa tu kwenye lori, kwaheri!" nikamjibu, nikaongeza mchuzi.

Mzaha mzaha hutumbua usaha. Wahenga walisema, sisi tunakariri shuleni, halafu tunakua wakubwa na midomo yetu ile ile.

Wiki mbili baadaye nikapita kunywa chai kama kawaida. Nikakuta cheche za moto zinaruka chini ya nyumba. Miguu miwili imetokeza. Ni Kamau, Mkenya mwenye gereji kule Carrollton, anayemtengenezea Darius lori lake.

"Kamau, unafanya nini huko?"

"Mathe amesema hataki kuona hizi tyres," akajibu bila kutoka. "Namkatia zote, na mimi nabeba hizi ekseli ndio malipo yangu. Nitaunda treila ya kubeba mizigo. Hiyo ni deal poa, ama?"

Nikamgeukia Dévote. Alikuwa amesimama mikono kiunoni, anasimamia kazi.

"Mama Queen," akasema, "mimi nimekimbia kwa miguu yangu. Sitaki nyumba nayo iwe na miguu."

Hapo ndipo ningefunga mdomo au ningeufungua vizuri, moja kati ya hayo mawili. Nilijua ule ulikuwa utani wangu unaokatwa kwa moto pale chini. Ningemwambia, Mama Darius, nilikuwa nachekesha watu tu, yaache matairi, huenda siku moja yakakufaa. Sikusema. Kulikuwa na raha fulani, Mungu anisamehe, kuona neno langu lina nguvu kiasi hicho. Kamau akakata ekseli, vile vyuma vinavyoshika matairi, akakata mkono wa mbele unaofungwa kwenye lori, na pale chuma kirefu kinachobeba nyumba, kile wanachokiita chasisi, kilipoizuia mashine yake isipite, akakimega nacho. Nilikiona. Nikanywa chai yangu.

Na hakuishia hapo. Melkiori kazi yake ni kumwaga zege, barabara na maegesho ya magari. Aliposikia, akasimama jumuiyani akatangaza kwamba dada yetu anahitaji msingi, na nyumba bila msingi ni kibanda. Mwezi wa saba, Jumamosi, tukaenda wote. Wanaume wakachimba kuzunguka nyumba, wakaweka mbao, zege likaja. Wanawake tukapika, na mimi nikashika koleo nikakoroga, na tukaimba. Wakaizamisha ile chasisi ndani ya zege pande zote nne, wakaona wamefanya jambo la maana. Pembe ya jikoni, kabla halijakauka, Dévote akatoa rozari ya mbao ya marehemu Révérien, akaibusu, akaizamisha kwa kidole. Katekista akanyunyiza maji ya baraka. Meneja wa uwanja, mama wa Kizungu aliyependa sigara, alitutazama kwa mbali akasema mradi kodi ya kiwanja inafika tarehe moja, tukitaka tujenge na kanisa.

Jioni Dévote aliingia jikoni akakanyaga sakafu kwa kisigino, mara tatu.

"Haitikisiki," akasema.

Siku iliyofuata alinipigia kuniambia amelala mpaka saa tatu asubuhi. Tangu amezaliwa, alisema, hajawahi kulala mpaka saa tatu.

Alilala hivyo miaka miwili. Niache nihesabu vizuri, miaka miwili na mwezi mmoja.

Agosti 2019 akaja kwangu na barua. Queen akaisoma amesimama, akairudia. "Mom, they sold it," akasema. "Everybody has to go." Uwanja umeuzwa. Kampuni iliyonunua inataka kujenga maghorofa. Kila mwenye nyumba aiondoe nyumba yake kabla ya mwisho wa Januari, atakayeiacha atatozwa gharama za kuibomoa.

Nilitegemea alie. Hakulia. Aliikunja barua vizuri, akaniuliza:

"Magurudumu yangu yako wapi, Mama Queen?"

Nilitamani ardhi inimeze.

Wiki hiyo hiyo majirani zake walianza kuondoka. Lori linakuja, linafunga nyumba, linavuta, basi. Nyumba zenye matairi, zile za kuchekesha, zikaondoka moja moja na wenyewe wakazifuata kwa magari yao, televisheni imefungwa kwa blanketi kiti cha nyuma. Palipokuwa na jirani panabaki mstatili wa udongo mkavu. Dévote akawa anasimama mlangoni anawapungia mkono.

Darius, kwa kuulizauliza barabarani, akapata uwanja mwingine nyuma ya Fort Worth ambao ungekubali nyumba kuukuu kama ile, maana wengi hawazitaki. Watampokea kabla ya mwisho wa Januari, baada ya hapo nafasi ni ya mwingine. Tukamwita fundi wa kuhamisha nyumba. Akajipenyeza chini na tochi kwenye uwazi uliobaki, akatoka na utando wa buibui kwenye kofia. Akasema mambo mawili. La kwanza, ekseli za kipimo hiki hazitengenezwi tena, tutafute zile zile. La pili, zege lote litoke. Tukitimiza hayo, atajaribu kuunga chuma na kuivuta. Kujaribu, alisema. Sisi tulisikia kuivuta.

Nikampigia Kamau. Treila lake la mizigo alishaliuza zamani, kwa Mkenya mwenzake anaitwa Mogaka, yuko Katy, nyuma ya Houston. Nikaomba siku mbili kazini, nikaazima pikapu ya Melkiori, tukaondoka na Dévote alfajiri. Saa nne na nusu za barabara, yeye ameshika mkoba mapajani kama anakwenda kusikiliza kesi.

Mogaka ni injinia. Nyumba yake mpya, matofali, nyasi zimekatwa kama kichwa cha mwanajeshi. Gereji yake peke yake ilikuwa kubwa kuliko nyumba ya Dévote, na humo ndimo lilimokuwa treila, limebeba pipa kubwa la kuchomea nyama. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Nilikuwa na maneno makali tayari, ya Kihaya na ya Kiswahili. Yule baba akatusikiliza mpaka mwisho, akamwangalia Dévote, akaenda kuchukua jeki.

"Hapana, mama, usinilipe kitu," akasema. "Hii ni ya kuchoma nyama tu. Chukueni."

Wakati anafungua, mkewe akatuingiza ndani akatupa chai na mandazi. Dévote akakaa ukingoni mwa kochi asilichafue. Aliangalia dari, lilivyo juu.

"Na ardhi ni yenu?" akauliza.

"Ni yetu, mama, yote. Tukimaliza kulipa benki."

"Mtamaliza lini?"

"Elfu mbili arobaini na sita."

"Poleni," Dévote akasema, kwa moyo wote, na mke wa Mogaka hakujua acheke au aitikie.

Tulirudi na ekseli mgongoni mwa pikapu, zimefungwa kamba. Karibu na Corsicana Dévote akageuka kuzitazama, akanigusa bega.

"Mama Queen, leo mimi ndiye nina-drive nyumba."

Nilicheka mpaka nikaegesha pembeni. Yeye naye alicheka, kwa mkono mdomoni, machozi yanamtoka. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akifanya utani, na aliuchagua ule ule wangu. Nilijiambia, basi, yameisha, amenisamehe, nyumba itapona. Sijacheka hivyo tena.

Jumamosi ya pili ya Januari 2020 wakaja wale wale waliomwaga, na mashine ya kupasulia zege. Hatukuimba. Ilikuwa siku yetu ya jumuiya, tukasali Baba Yetu moja, fupi, tukiwa tumesimama, wakaanza. Wakaweka majeki na magogo kuishikilia nyumba. Pembe ya kwanza ikatoka vizuri. Ya pili, vizuri. Melkiori jasho linamtoka kwenye baridi ile, anapasua kazi yake mwenyewe, na alikuwa ameifanya kazi nzuri, ndiyo taabu yenyewe. Dévote alisimama nje ameshika chupa ya chai na vikombe, anamngoja kila anayepumzika.

Wakaingia pembe ya jikoni. Zege likaachia, uzito wote ukaangukia pale Kamau alipomega chuma. Tulisikia mlio mmoja, kama mtu anavunja muwa gotini. Nyumba ikakunjika katikati. Vioo vya upande wa jikoni vikaruka vyote pamoja, na ndani tukasikia kabati la vyombo linaanguka, likachukua muda mrefu kumaliza kuanguka. Wanaume walitoka mbio. Hakuna aliyeumia.

Melkiori alizima mashine, akaketi chini kwenye vumbi, mtu mzima, akashika kichwa.

"Basi," Dévote akasema. "Acheni, jamani. Mtaumia."

Akammiminia chai.

Baadaye akainama kwenye vipande vya zege vya pembe ile, akavigeuza kimoja kimoja mpaka akakipata. Kipande ukubwa wa mkate, na punje tano za rozari ya Révérien zimetokeza juu yake, nyingine zimo ndani. Melkiori akachukua nyundo ndogo amtolee.

"Usivunje tena kitu, baba," Dévote akamwambia, akakifunga kwenye khanga.

Pale, nikiwatazama wale watu kumi na wanane mmoja mmoja, ndipo akili ilinijia. Melkiori amepanga. Katekista amepanga. Mimi nimepanga. Katika jumuiya nzima mwenye nyumba yake alikuwa mmoja tu, Dévote, na sisi wapangaji ndio tulimcheka. Tulimcheka kwa sababu ya matairi, halafu tukamsaidia kwa nguvu zote kuhakikisha hatakaa ayapate tena. Mtu akitaka kukuangamiza anahitaji maadui wa nini, kama ana marafiki wenye koleo na moyo mwema?

Ili asitozwe gharama za kubomoa, kampuni ilimpa karatasi ya kusaini kwamba nyumba anawaachia bure. Nikamtafsiria na hiyo. Mwezi wa pili wakaleta kijiko cha kuchimbia. Dakika arobaini. Rangi ya njano ilionekana kidogo juu ya lori la takataka, likakunja kona.

Mwezi wa tatu korona ikafunga dunia. Hoteli ikafunga, Dévote akaachishwa na hizo siku zake tatu. Na maghorofa? Hakuna ghorofa. Hawajachimba hata shimo la mti. Nimepita pale mwezi wa tisa, wameweka uzio na kufuli, nyasi zimefika magotini. Nyuma, palipokuwa kwa Dévote, lengalenga zimejiotea zenyewe kwenye mistari ile ile. Nilishika uzio nikatukana Kihaya mpaka sauti ikanikauka. Walimtoa mtu kwake ili waoteshe nyasi!

Anaishi kwangu sasa, kwenye chumba cha Queen. Queen amehamia kwenye kochi, hajalalamika hata siku moja. Nilimpa Dévote nusu ya kabati. Siku ya pili akatoka akarudi na begi jipya la magurudumu manne, zuri, la bei kuliko viatu vyake. Lile zege lililofungwa kwenye khanga akaliweka humo chini kabisa, na begi likakaa karibu na mlango. Jumuiya tunasali kwa simu. Wananiita, "Mama Queen, tuchekeshe kidogo, dunia imekuwa ngumu." Nawaambia mafua.

Jumapili iliyopita nikashindwa. Nilimkuta kitandani anakunja nguo, nikafunga mlango nyuma yangu.

"Mama Darius, nisamehe. Mimi ndiye niliyekutania matairi."

Hakuacha kukunja. "Utani haukati chuma, Mama Queen. Kamau alikata, na mimi ndiye nilimwita."

"Lakini nilikuonea wivu. Nilisema kwa wivu."

"Nilijua." Akalainisha kola ya blauzi kwa kidole. "Siku ile nilikuwa nimefurahi. Nimewalisha watu kwangu. Hiyo siku ndiyo siwezi kukusamehe, siyo nyumba. Nyumba nimeshazoea."

Nililia. Yeye alinisubiri nimalize, kama alivyowasubiri wale wanaume na chai.

"Hapa ni pako?" akaniuliza.

"Nimepanga."

"Wanaweza kukutoa?"

Nikaanza kumweleza habari za korona, kwamba sasa hivi serikali imezuia, kwamba nalipa kwa wakati, kwamba meneja ananifahamu, kwamba kazi yangu ya kutunza wazee haiwezi kuisha.

"Lakini wanaweza?"

"Wanaweza," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Akafungua ile nusu ya kabati, akatoa nguo zake zote, akazipanga begini juu ya lile zege, akavuta zipu. Kisha akapanda kwenye kiti, akashusha begi la zamani la Queen lililokuwa juu ya kabati, akalipangusa vumbi kwa kiganja, akaliweka wazi mbele yangu.

"Na wewe weka vyako," akaniambia.

Nilianza na vyeti vya Queen.